Mfuko wa hisani wakati wa janga: kazi ya fedha zinazopita nje ya hazina

Afrika Kusini ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Korona tarehe 5 Machi 2020. Tarehe 23 mwezi huohuo, katika hotuba ileile ya kutangaza kufungwa kwa nchi, Rais Cyril Ramaphosa alitangaza pia Solidarity Fund, mfuko wa mshikamano ambao mtu yeyote, wa ndani au wa nje, angeweza kuuchangia. Serikali iliweka randi milioni 150 za kuanzia. Michango ikafika zaidi ya randi bilioni 3. Nauchukua mfuko huu kama mfano kwa sababu ndio bora ninaoujua barani petu, na naueleza kwa upande wa uhasibu na ununuzi, maana huko ndiko mifuko ya aina hii hukwama.

Tuanze na ukubwa wake. Mwezi mmoja baada ya hotuba ile, serikali ilitangaza mpango wa randi bilioni 500 wa kuokoa uchumi na kaya maskini. Bilioni 3 ukizigawa kwa 500 hupati hata asilimia moja. Kwa hiyo mfuko haukuwepo ili kuziba upungufu wa bajeti, na yeyote anayeuendesha kwa fikra hiyo atatawanya fedha hadi zisionekane zilikokwenda. Kazi yake ni kulipa wiki hii kile ambacho hazina italipa baada ya miezi miwili. Kila ombi linaloletwa mezani lipimwe kwa swali moja: je, serikali yenyewe inaweza kulilipa kwa wakati? Ikiwa inaweza, mfuko ukae pembeni.

Kasi hiyo inatokana na umbo la kisheria. Solidarity Fund ilisajiliwa kama kampuni isiyo ya faida, ikiwa na bodi yake chini ya mwenyekiti Gloria Serobe na akaunti zake yenyewe. Kwa kuwa fedha hazikuingia katika mfuko mkuu wa serikali, hazikuhitaji kupitishwa na bunge wala kufuata hatua zote za zabuni za umma. Kenya, ambayo nayo iliunda mfuko wake wa dharura wa UVIKO-19 katika kipindi hichohicho, ilifuata njia nyingine: iliuunda kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, huku bodi ikiongozwa na Jane Karuku kutoka sekta binafsi. Njia ya Kenya inauweka mfuko karibu na sheria na ukaguzi wa fedha za umma, na hilo ni jambo jema. Ya Afrika Kusini inatoa uamuzi kwa haraka zaidi, lakini inamwachia mchangiaji kazi ya kuiamini bodi. Ndiyo maana bodi ya namna hiyo lazima ichapishe taarifa zake mara kwa mara bila kungoja kuulizwa: kilichopokelewa, kilichoidhinishwa, kilicholipwa, na kilichofika.

Hivyo ni viwango vinne tofauti, na kuvichanganya ndicho chanzo kikubwa cha lawama. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa harambee anajua umbali uliopo kati ya ahadi na fedha taslimu. Mfanyabiashara akitangaza kwenye televisheni, wananchi wanahesabu siku hiyohiyo, ilhali fedha zenyewe huja kwa awamu, au huja zikiwa na masharti, au huja kama bidhaa. Kampuni ya Naspers, kwa mfano, ilitoa randi milioni 500 kwa mfuko, na pembeni ikatenga bilioni 1 kununulia vifaa kinga kutoka China. Bilioni hiyo haikuwa ya bodi kuigawa. Vivyo hivyo, randi bilioni 1 iliyotolewa na Mary Oppenheimer na mabinti zake iliingia Solidarity Fund, ila bilioni 1 ya upande mwingine wa ukoo wa Oppenheimer ilikwenda kwenye mpango tofauti wa mikopo kwa biashara ndogo. Magazeti yakizijumlisha zote, mfuko unadaiwa fedha ambazo haujawahi kuzishika. Dawa yake ni kutunza daftari la ahadi peke yake na daftari la mapokezi peke yake, na kumtaja kila mchangiaji mkubwa katika safu yake.

Upande wa kodi Waafrika Kusini waliushughulikia vizuri, na undani wake unafaa kujulikana. Kwa kawaida, chini ya kifungu cha 18A cha sheria yao ya kodi ya mapato, mchango kwa taasisi iliyoidhinishwa hupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi hadi asilimia 10. Kwa waliochangia Solidarity Fund katika mwaka wa kodi wa 2020/21 iliongezwa asilimia 10 nyingine. Mwenye mapato ya randi 400,000 aliweza hivyo kuchangia hadi 80,000 na zote zikatambuliwa. Palibaki tatizo la mishahara. Mawaziri walikubali kutoa theluthi ya mishahara yao kwa miezi mitatu, na wafanyakazi wengi walitaka kuchangia kupitia mwajiri. Lakini mwajiri anapokata kodi ya mwezi aliruhusiwa kutambua mchango wa asilimia 5 tu ya mshahara, kwa hiyo mchangiaji angetozwa kodi juu ya fedha alizokwisha kuzitoa, kisha asubiri mwisho wa mwaka kurudishiwa. Kikomo kikapandishwa hadi asilimia 33.3 kwa miezi mitatu, au 16.66 kwa miezi sita. Ukipiga hesabu, njia zote mbili zinatoa takriban asilimia 8.3 ya mshahara wa mwaka, ndani kabisa ya kikomo cha mwaka. Hivyo hazina haikupoteza kitu ambacho isingekipoteza baadaye, na mfanyakazi hakubanwa katikati ya janga.

Stakabadhi ya kodi nayo ilikuwa na mambo yake wakati huo: namba ya usajili ya taasisi, tarehe ya kupokea, jina na anwani ya taasisi, jina na anwani ya mchangiaji, kiasi au aina ya mchango, na uthibitisho kwamba utatumika kwa shughuli za manufaa ya umma. Fedha zinazoingia kwa simu au kwa benki bila jina haziwezi kutolewa stakabadhi. Anayejenga ukurasa wa kupokea michango aombe maelezo haya kabla ya malipo, maana baada ya malipo hakuna anayerudi kujaza fomu.

Vifaa kinga

Hapa ndipo fedha nyingi za mwanzo zilikwenda, na ndipo hatari ilikuwa kubwa. Idadi ya kununua haitokani na kiasi cha fedha kilichopo benki. Inatokana na matumizi ya zamu. Chukua wodi yenye wahudumu 20 kwa zamu, zamu mbili kwa siku. Ukikadiria barakoa moja ya N95, magauni mawili na jozi 15 za glavu kwa kila mhudumu kwa zamu, basi kwa siku 30 wodi hiyo moja inataka barakoa 1,200, magauni 2,400 na glavu 36,000. Wanaokadiria kwa macho hununua barakoa nyingi kupita kiasi, kisha glavu zinawaishia.

Machi na Aprili 2020 wauzaji wa China walitaka kulipwa kabla ya mzigo kuondoka, mara nyingine kiasi chote. Halafu China yenyewe ikabana usafirishaji nje: kuanzia tarehe 1 Aprili vifaa vya tiba vilihitaji uthibitisho wa usajili, na kuanzia tarehe 10 vikaanza kukaguliwa forodhani. Mzigo uliokwisha kulipiwa ukiwa na karatasi zenye kasoro ulilala uwanja wa ndege. Yaliyosumbua zaidi yalikuwa vyeti vya kughushi na barakoa za KN95, yaani za kiwango cha China, zenye mikanda ya masikioni. Barakoa ya namna hiyo inaweza kuwa na kitambaa kizuri na bado ikavujisha hewa mashavuni, kwa sababu mkanda wa masikioni hauibani usoni kama mikanda miwili inayozunguka kichwa. Kabla ya kulipa salio, chukua sampuli kutoka kwenye mzigo wenyewe, si ile aliyoituma muuzaji, ipime kwenye maabara kwa uwezo wa kuchuja, kisha wavalishe watu wenye nyuso tofauti uone kama inakaa.

Kuna pia kosa la kuchelewa. Bei za vifaa kinga zilipanda kwa ghafla, kisha zikashuka wakati viwanda vilipoongezeka. Shirika la ugavi wa dawa la Kenya, KEMSA, ambalo lilikuwa likinunua kwa fedha za umma, lilijikuta na mzigo wa mabilioni ya shilingi boharini ulionunuliwa kwa bei ya juu kuliko ya soko, na ukaguzi maalumu wa mwaka 2020 ukaueleza wazi. Mfuko wa hisani hauna kinga dhidi ya hali hiyo. Agiza kwa mafungu ya wiki nne hadi sita, hata kama muuzaji anatoa punguzo kwa oda kubwa.

Kwa upande wa viwanda vya ndani, mfuko ulisaidia mradi wa kitaifa wa kutengeneza mashine za kusaidia kupumua za aina ya CPAP, zilizopangwa kufika 20,000. Napenda uamuzi ule wa kuchagua CPAP. Hazihitaji kumwingiza mgonjwa mrija kooni wala daktari bingwa kando ya kila kitanda, hivyo zinafaa hospitali za wilaya, mradi oksijeni ipo ya kutosha. Pasipo oksijeni mashine hiyo haifai kitu, kwa hiyo pima mtungi na bomba kwanza.

Malipo ya chanjo

Malipo yaliyoonyesha vizuri zaidi faida ya kuwa nje ya hazina yalifanyika tarehe 22 Desemba 2020. Afrika Kusini ilitaka kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kununua na kugawa chanjo za Korona, chanjo za asilimia 10 ya watu wake, yaani takriban dozi milioni 12 kwa watu milioni 6. Nchi za kipato chake zilitakiwa kujilipia. Makadirio ya bei yalikuwa dola 10.55 kwa dozi, na nchi iliyojifunga kununua ilitanguliza asilimia 15, yaani dola 1.60. Zidisha kwa milioni 12, unapata dola milioni 19.2, sawa na randi milioni 283 wakati huo. Sehemu iliyobaki ilihitaji dhamana, na dhamana ni kazi ya serikali.

Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo kwa bajeti ya taifa. Ugumu ulikuwa katika aina ya malipo: kutanguliza fedha kwa bidhaa ambayo haijasajiliwa nchini, bila kujua ni chanjo ipi itakayokuja, lini, na bila uhakika wa kurudishiwa. Sheria za fedha za umma zimeandikwa kuzuia malipo ya namna hiyo, na kwa siku za kawaida zinafanya vyema. Muda ulikuwa umebana, mfuko ukalipa. Wasomaji wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo hawakuliona tatizo hili kwao kwa sababu nchi hizi zilikuwa miongoni mwa 92 zilizogharimiwa na wafadhili ndani ya COVAX. Kenya ilipokea dozi zake za kwanza, zaidi kidogo ya milioni 1, tarehe 3 Machi 2021 bila kutanguliza malipo kama hayo.

Baadaye India ilizuia chanjo zake kupelekwa nje ya nchi, na ratiba nzima ya COVAX ikavurugika. Je, fedha zilipotea? Sidhani. Zilinunua nafasi kwenye foleni wakati hakuna aliyejua foleni ipi ingesogea. Lakini malipo kama haya yanapaswa kuandikwa kwenye vitabu kama fedha zilizowekwa hatarini, na wachangiaji waambiwe hivyo siku ya kulipa, badala ya kutangaziwa kwamba chanjo zimenunuliwa.

Chakula

Awamu ya kwanza iligawa vifurushi vya chakula kwa zaidi ya kaya 250,000, kupitia mashirika yenye magari na maghala tayari, yakiwemo FoodForward SA, Afrika Tikkun, Islamic Relief na The Lunchbox Fund. Kifurushi kina uzito, kinahitaji lori, na kinampa kiongozi wa mtaa nafasi ya kuchagua nani apate. Vocha ya simu huondoa mambo hayo matatu, ila inahitaji duka lenye bidhaa karibu na orodha safi. Orodha husafishwa kwa namba ya kitambulisho, ambayo Afrika Kusini ina tarakimu 13. Hapo wakimbizi na wahamiaji wasio na namba hiyo huachwa nje, kwa hiyo tenga sehemu ya vifurushi kwa ajili yao kupitia misikiti, makanisa na mashirika yanayowafahamu. Mfuko uliendelea hadi vocha za pembejeo kwa wakulima wadogo, na ulitenga pia fedha kwa makazi ya wanawake waliokimbia ukatili majumbani, eneo ambalo bajeti za dharura husahau.

Ghasia za Julai 2021 zilipozuka nchini Afrika Kusini, mfumo huohuo ulitumika kwa misaada ya kibinadamu na serikali ikaahidi kuongeza randi milioni 400. Ulikuwa na bodi, akaunti, washirika waliokwisha kuchunguzwa na njia ya kugawa.

Kufunga nako kupangwe tangu siku ya usajili. Chini ya sheria ya kodi ya Afrika Kusini, taasisi ya manufaa ya umma ikivunjwa mali iliyobaki lazima ihamie kwa taasisi nyingine ya aina hiyo au kwa serikali, haigawiwi kwa wanachama. Kabla ya hapo kuna oda ambazo hazijafika, mashine zenye dhamana ya mtengenezaji ambayo inapaswa kuhamishiwa hospitalini kwa maandishi, na bidhaa zilizo bohari zenye tarehe za kuisha. Kumbukumbu za kampuni nchini humo hutunzwa miaka 7, kwa hiyo mtu wa kuzitunza na fedha za kumlipa vinatengwa kabla akaunti ya mwisho haijafungwa.