Nafasi ya Kudahiliwa Chuo Kikuu cha Nje: Dhana Potofu na Ukweli

Mwanafunzi wa sekondari anayetaka kusoma ng'ambo huuliza, "Nina nafasi gani?", naye hutarajia jibu moja lenye takwimu ya asilimia. Swali hilo lina maana tofauti katika kila nchi, na ndipo makosa mengi yanapoanzia.

Dhana: Chuo kikidahili asilimia 4 ya waombaji, kila mwombaji ana nafasi ya asilimia 4.

Ukweli: Asilimia hiyo inalieleza kundi zima, haimwelezi mtu mmoja. Ndani yake wamo raia na wageni, wanamichezo waliotafutwa na makocha na, katika baadhi ya vyuo binafsi vya Marekani, watoto wa wahitimu wa chuo hicho. MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, huonyesha kando takwimu za waombaji wa kimataifa, na kiwango chao cha kudahiliwa huwa chini ya kile cha jumla. Kwa hiyo mgeni anayejipima kwa takwimu ya jumla anajifariji tu.

Dhana: Ukituma maombi ishirini, moja halikosi kukubaliwa.

Ukweli: Hesabu inayotolewa hapa inavutia. Ikiwa kila ombi lina nafasi ya asilimia 4, maombi 20 yanakupa zaidi ya asilimia 55 ya kupata angalau chuo kimoja. Lakini hesabu hiyo inasimama pale tu ambapo kila uamuzi unajitegemea, kama sarafu inayorushwa upya kila mara, ilhali vyuo vyote 20 vinasoma alama zilezile, barua zilezile za walimu na, mara nyingi, insha ileile kuu, hivyo udhaifu ulioonekana katika chuo kimoja huenda ukaonekana katika vingine vyote. Linalosaidia ni kuchanganya vyuo vya viwango mbalimbali vya ushindani. Uingereza hata hivyo haikuachii uwanja wa kujaribu bahati namna hiyo: kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kutuma maombi ya vyuo vya huko, huchagui zaidi ya kozi 5, na huwezi kuomba Oxford na Cambridge katika mwaka mmoja.

Dhana: Alama za SAT, mtihani unaotumika kuomba vyuo vya Marekani, zikiangukia katika wigo uliotangazwa na chuo, umeshaingia.

Ukweli: Wigo huo kwa kawaida ni wa nusu ya katikati ya wanafunzi waliojiunga (robo ya juu na robo ya chini zikiachwa nje), na hausemi lolote kuhusu waliokataliwa, ambao wengi wao walikuwa na alama hizohizo. Tena, vyuo vingi viliacha kuulazimisha mtihani huo kuanzia 2020 (MIT iliurudisha mwaka 2022), na pale ulipo wa hiari, wanaowasilisha alama ni hasa wale walioridhika nazo, jambo linaloupandisha wigo wenyewe.

Dhana: Shughuli za nje ya darasa hupimwa kila mahali.

Ukweli: Huo ni utaratibu wa Marekani zaidi. Uingereza hutazama hasa alama na hamu ya mwombaji katika fani aliyoichagua, kisha mara nyingi humpa nafasi yenye masharti, itakayothibitishwa na matokeo ya mtihani wa mwisho. Ujerumani huanza na swali kavu kabisa: je, cheti chako kinatambuliwa? Kisipotosha, huenda ukalazimika kupitia Studienkolleg, yaani masomo ya maandalizi kabla ya chuo kikuu, kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Katika fani zisizo na ukomo wa idadi ya wanafunzi, anayetimiza masharti hupokelewa, kwa hiyo kukisia nafasi huko ni kupoteza muda.

Dhana: Kuomba msaada wa ada hakuathiri udahili.

Ukweli: Hilo ni kweli kwa vyuo vichache vya Marekani, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo havizingatii uwezo wa kifedha wa mwombaji yeyote, awe raia au mgeni. Vingine vingi hutoa ahadi hiyo kwa raia na wakazi wa kudumu peke yao, na kwa mgeni kiasi cha msaada anachohitaji kinaweza kuwa ndicho kinachoamua. Kabla ya kujikadiria, isome sera iliyoandikwa kwa waombaji wa kimataifa, kwa maana ukurasa wa jumla wa chuo hicho unaweza kuwa unamwahidi mtu mwingine.