Pesa za mbio: yanayosemwa Iten na yaliyo kweli

Jua halijachomoza Iten, mji wa wakimbiaji katika Bonde la Ufa nchini Kenya, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara za udongo mwekundu tayari zimejaa vijana. Wapo wanaovaa viatu vya mtumba vilivyokwisha soli upande mmoja. Wengi hawana meneja, hawana kandarasi ya kampuni ya viatu, hawajawahi kupanda ndege. Walicho nacho ni hesabu: fulani wa kwetu alishinda ng'ambo, akarudi, akajenga ghorofa Eldoret. Hesabu hiyo ndiyo inayowaamsha saa kumi na moja, na ina makosa mengi. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni la wakati. Shinikizo humfikia kijana miaka mingi kabla ya pesa, na kwa walio wengi pesa zenyewe haziji kabisa.

"Ukishinda mbio moja kubwa, umeomoka"

Boston humlipa mshindi wa marathoni dola 150,000, wa pili 75,000, wa tatu 40,000. Redio hutangaza ile namba ya kwanza, na kabla mshindi hajaoga, kijijini watu wamekwisha kuigeuza kuwa shilingi na kuigawa.

Hebu tuipige hesabu polepole. Marekani hukata asilimia 30 ya zawadi ya mgeni asiye mkazi: dola 45,000 zimekwenda. Meneja, kwa desturi ya mchezo huu, huchukua asilimia 15, na aghalabu huihesabu kwenye jumla, si kwenye kilichobaki: 22,500 nyingine. Zimesalia 82,500. Kocha bado hajapewa chake, wenzake waliomsukuma mazoezini miezi mitatu bado, na mtoza ushuru wa nyumbani naye hajabisha hodi. Tena pesa hazitoki siku ya mbio. Waandaaji husubiri majibu ya vipimo vya dawa, na kusubiri huko huweza kula miezi. Jirani aliyekuja kuomba mchango wa harambee wiki ya pili haamini akiambiwa hakuna kitu. Anaona amenyimwa.

Nakubali, hata baada ya makato hayo bado ni zaidi ya shilingi milioni kumi za Kenya, na si pesa za kudharauliwa. Lakini hizo ni za mtu mmoja, siku moja. Kwenye Mashindano ya Dunia ya Tokyo mwaka 2025, bingwa alilipwa dola 70,000, wa pili 35,000, wa tatu 22,000, na malipo yakazidi kushuka hadi 5,000 kwa wa nane. Wa tisa duniani, mtu anayeweza kumwacha karibu kila mkimbiaji wa wilaya yake, hakupata zawadi. Olimpiki ndiyo inayoshangaza wengi zaidi: Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki haitoi pesa za zawadi. Paris 2024 ilikuwa mara ya kwanza kwa Shirikisho la Riadha Duniani kulipa, dola 50,000, tena kwa dhahabu peke yake.

Pesa zisizotangazwa, zile za kualikwa tu, huenda kwa wenye majina. Kijana anayeanza mara nyingi hukopeshwa tiketi na gharama za viza na meneja, kisha deni hukatwa kwenye chochote atakachoshinda. Akimaliza wa kumi na mbili, anarudi nyumbani akiwa na deni, na mapokezi ya uwanja wa ndege yanamsubiri kama kwamba ameleta gunia.

"Mkalenjin huzaliwa na mbio miguuni"

Watu huisema kama sifa ya Wakalenjin, jamii inayotoa wakimbiaji wengi wa Kenya, nami naiona kuwa dhana katili kuliko zote. Kama mbio ni za damu, basi anayeshindwa ni mvivu au amelogwa, na mzazi ana haki ya kumkasirikia.

Waliokaa karibu na mchezo wanajua ulivyojengwa. Brother Colm O'Connell alifika Shule ya St Patrick's Iten mwaka 1976 kutoka Ireland kufundisha jiografia, bila ujuzi wowote wa ukocha. Aliujenga hapo hapo, mwaka baada ya mwaka, na mikononi mwake akapita David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 London mwaka 2012. Kuna mwinuko, kuna kambi, kuna makocha, kuna jeshi na polisi wanaoajiri wanariadha, na kuna umaskini unaofanya kijana akubali kulala wanane chumbani ili apate kundi la kukimbia nalo. Toa hivyo vyote uone damu peke yake itamfikisha wapi.

"Ingia marathoni mapema, uwanjani hakuna pesa"

Dhana hii ina mguu mmoja kwenye ukweli. Mbio za barabarani zina zawadi nyingi na za mara kwa mara kuliko mita 5,000 uwanjani, na kijana wa miaka 19 mwenye ndugu watatu wanaodaiwa karo haoni sababu ya kungoja. Kanuni za mashindano ya dunia zenyewe haziruhusu aliye chini ya miaka 20 kukimbia marathoni, lakini mbio za mitaa zenye zawadi ndogo haziko chini ya jicho hilo kila wakati.

Mfano unaotajwa sana ni Samuel Wanjiru. Alikwenda Japani akiwa kijana wa shule, akashinda dhahabu ya marathoni Beijing 2008 akiwa na miaka 21 kwa saa 2:06:32, Mkenya wa kwanza kuipata. Baadaye akashinda London, na Chicago mara mbili. Mei 2011 alifariki Nyahururu, hajatimiza miaka 25. Waliomtaja kwa ile dhahabu wakati mwingine husahau kusema kilichomjia kati ya hapo: utajiri wa ghafla, watu wengi mlangoni, migogoro ya nyumbani iliyofika mahakamani. Sisemi marathoni ilimuua. Nasema alipewa mzigo wa mtu mzima akiwa na umri ambao wenzake bado walikuwa chuoni.

Halafu mtazame Eliud Kipchoge. Mwaka 2003 akiwa na miaka 18 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Olimpiki ya London, jambo ambalo kwa hesabu za kijijini lingekuwa mwisho wake. Marathoni yake ya kwanza ilikuwa Hamburg mwaka 2013. Rekodi ya dunia aliivunja Berlin mwaka 2018 na tena 2022, saa 2:01:09, akielekea miaka 38. Muda huo wote alikuwa na kocha yule yule, Patrick Sang.

Ng'ambo ya mpaka kuna Alphonce Simbu wa Tanzania, askari wa JWTZ, jeshi la nchi hiyo. Alikuwa wa tano Rio 2016, shaba ya dunia London 2017, kisha miaka ikapita ambayo wengi walikuwa wamemweka kwenye kumbukumbu. Septemba 2025 huko Tokyo, akiwa na miaka 33, alimaliza kwa saa 2:09:48 sawa na Mjerumani Amanal Petros, ikabidi picha ya mstarini iamue. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Mshahara wa jeshi hauandikwi magazetini, ila ndio uliompa mtu kama huyu nafasi ya kungoja.

"Shule inampotezea muda"

Edward Cheserek alitoka Kenya kwenda kusoma sekondari Marekani, akaingia Chuo Kikuu cha Oregon na kushinda mataji 17 ya vyuo vikuu. Vyuo vya Marekani sasa vinawatafuta vijana wa Bonde la Ufa kwa bidii, na huko asiye na cheti cha kidato cha nne hapiti hata akiwa na kasi ya swala. Anayepita hupata karo, malazi, daktari wa michezo na shahada, hata mguu ukivunjika mwaka wa pili. Kwa familia isiyo na kitu, naona hii ni dau bora kuliko kambi ya kujilipia.

"Wanaonaswa na pufya ni walafi tu"

Zaidi ya wanariadha mia moja wa Kenya wamefungiwa katika miaka ya karibuni kwa pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu michezoni. Si wote ni nyota wenye tamaa. Ndiyo, wamo wakubwa: Rita Jeptoo, Asbel Kiprop, na Ruth Chepng'etich, aliyekimbia Chicago kwa saa 2:09:56 mwaka 2024 kisha akafungiwa miaka mitatu mnamo Oktoba 2025. Lakini orodha imejaa majina ambayo hujawahi kuyasikia, watu waliokuwa wakitafuta mbio moja ndogo ya Ulaya yenye zawadi ya dola elfu chache ili wamalize nyumba ya mabati.

Mkimbiaji wa namna hiyo hajui jina la kemikali. Anajua kuna mtu mjini anayeitwa daktari, ambaye huenda hana cheti, na sindano inayouzwa kwa mkopo wa kulipwa baada ya mbio. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na dawa hizi mwaka 2016, ikaunda ADAK, wakala wa serikali wa kupambana nazo, na mwishoni mwa 2022, ilipokuwa ukingoni mwa kufungiwa nchi nzima, serikali iliahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano. Kanuni za dunia pia zinataka kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 akipatikana na dawa, watu wanaomzunguka wachunguzwe moja kwa moja: kocha, meneja, daktari. Hapo ndipo pa kutazamwa kwanza. Mwanariadha akifungiwa huanguka peke yake, na aliyemdunga anabaki mjini akingoja kundi lijalo.

"Msichana akipata mwanamume wa kumsimamia, pesa zake ziko salama"

Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao, dakika 30:01, nchini Ujerumani tarehe 12 Septemba 2021. Oktoba 13 mwaka huo huo alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Mume wake alishtakiwa kwa mauaji, akakana. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alifariki katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Aliyekuwa mpenzi wake ndiye aliyetajwa, na kipande cha ardhi kilikuwa katikati ya ugomvi.

Wenzake Tirop waliunda Tirop's Angels, kundi la kupinga ukatili dhidi ya wanawake, na wanayoyaeleza yanafanana sana: msichana wa sekondari anaahidiwa viatu na mazoezi na mwanamume anayejiita kocha, uhusiano unaanza, hatimiliki ya shamba na akaunti ya benki vinaandikwa kwa jina la mwanamume. Msichana anakimbia, mwingine anasaini. Wazazi wengi huona hapo binti amepata mlinzi.

Na ile kauli nyingine, kwamba akizaa amekwisha? Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018. Rekodi zake tatu za dunia za mwaka 2023, ya mita 1,500, ya maili na ya mita 5,000, zote ni za baada ya hapo.

"Badili uraia, Ghuba wanalipa"

Hili lilikuwa na uzito zamani. Mwaka 2003 Mkenya Stephen Cherono alichukua uraia wa Qatar kwa jina la Saif Saaeed Shaheen, akashinda dunia katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka huo huo, na vijana wengi wakafuata njia hiyo wakiwa wadogo sana. Mwaka 2017 Shirikisho la Riadha Duniani lilisimamisha uhamisho wote, na kanuni zilizofuata mwaka 2018 zinataka miaka mitatu ya kusubiri na hakuna uhamisho kabla ya miaka 20. Mtu anayemwahidi kijana wa miaka 17 pasipoti na timu ya taifa mwakani anauza kitu asichokuwa nacho.

"Mzazi wa shambani hana la kusema kwa meneja"

Analo, na wala halihitaji Kiingereza. Akaunti iwe kwa jina la anayekimbia, na kadi ikae kwake. Asilimia ihesabiwe kwenye kipi, jumla au kilichobaki baada ya kodi, na iandikwe. Tiketi, viza na chakula cha kambi ni zawadi au ni deni, na kama ni deni, linaishia wapi mtoto akiumia goti mwezi wa pili? Nakala ya kandarasi ibaki nyumbani, isomwe na mwalimu au mtu wa kanisani anayeijua lugha, kabla ya saini. Meneja anayesema ndege ni kesho na hakuna muda wa kusoma, aambiwe asafiri mwenyewe.