Je, Wajua Kwa Nini Cherehani Kilichokwama kwa Miaka Thelathini Huweza Kushona Tena?

Cherehani cha marehemu bibi yangu kilikaa stoo kwa takriban miaka thelathini kikiwa kimefunikwa gunia la mkonge, na siku tulipokitoa gurudumu lake halikusogea hata kwa unene wa ukucha. Jirani yetu mmoja, mzee wa maneno machache, alikigonga kwa kidole akatamka kwamba hicho sasa ni chuma chakavu, na kwamba wanunuzi wa vyuma hupita kila Jumamosi. Siku tatu baadaye kilikuwa kinashona. Vilivyonunuliwa ni sindano, mkanda wa ngozi na kichupa cha mafuta; hakuna kipuri kingine kilichobadilishwa. Je, mashine iliyokwama kabisa hufufukaje namna hiyo?

Mara nyingi huwa haijaharibika. Huwa imegandwa na mafuta yake yenyewe.

Mtu anayetaka kulielewa jambo hili aende jikoni ageuze kikaango cha siku nyingi. Upande wa nje, pale mafuta yalipochuruzika na kuachwa bila kusuguliwa, kuna utando wa kahawia unaonata, ambao maji na sabuni haviuwezi. Mafuta ya kupikia, hasa ya alizeti, yakikaa katika tabaka jembamba huungana na oksijeni ya hewani, na chembe zake hushikamana kidogo kidogo mpaka yakawa kitu kinachofanana na vanishi. Wachoraji wa rangi za mafuta wameitegemea tabia hiyo kwa karne nyingi, kwa maana mafuta ya kitani yanayochanganywa na rangi zao hukauka kwa njia hiyo hiyo. Yanayomfaa mchoraji humponza mshonaji. Wenye vyerehani wengi, mafuta ya cherehani yalipowaishia, walitia yaliyokuwa jikoni, na cherehani kikaitika vizuri kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza kuwa kizito. Mafuta ya nazi yana kituko chake cha pekee: huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo cherehani kinachokwenda vizuri Tanga kinaweza kugoma asubuhi ya baridi kule Lushoto, ilhali mwenyewe hajui kosa ni la nini. Hata mafuta halisi ya cherehani, ambayo hutokana na mafuta ghafi ya ardhini na hayana rangi, hayadumu milele. Yakichanganyika na vumbi la nyuzi kwa miongo kadhaa, nayo hugeuka uji mzito wa kahawia.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba chini ya gundi hiyo chuma chenyewe huwa kizima. Kiwiliwili cha vyerehani vya zamani ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu, na sehemu zinazosuguana ni za chuma cha pua kilichokomazwa. Nyingi kati ya hizo zimeshikiliwa na skrubu zenye ncha, ambazo fundi anaweza kuzikaza kidogo pale anapohisi mtikisiko. Watengenezaji walifahamu kwamba kitu hicho kitauzwa kwa familia isiyo na fundi karibu, pengine kwa malipo ya awamu kama kampuni ya Singer ilivyoanza kufanya Marekani mwaka 1856, na mteja anayelipa kidogo kidogo kwa miezi mingi hawezi kuendelea kulipia mashine iliyokwisha kufa. Baadaye, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, viwanda vingi viliingiza magurudumu ya meno ya nailoni ili kupunguza gharama na kelele. Nailoni hupasuka kwa uzee tu, hata kama cherehani hakikushona kitu. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ni rahisi zaidi kufufua cherehani cha mwaka 1950 kuliko cha mwaka 1975.

Namna mshono unavyofanyika inaeleza mengine yaliyobaki. Elias Howe wa Marekani alipata hataza mwaka 1846 kwa mashine iliyotumia sindano yenye tundu karibu na ncha, na mpaka leo vyerehani vya nyumbani vinafuata wazo hilo. Sindano hushuka na uzi wa juu, hufika chini kabisa, kisha hupanda kidogo, kama milimita mbili. Upande mmoja wa sindano una mfereji mrefu ambamo uzi hupita bila kubanwa. Upande wa pili hauna, kwa hiyo sindano inapoanza kupanda uzi wa upande huo hubanwa na kitambaa na kututumka kuwa kitanzi kidogo. Hapo ndoana ya chini hupita, hukidaka kitanzi na kukizungusha kote kwenye kasha la bobini, yaani kigurudumu kinachobeba uzi wa chini, na nyuzi mbili hukumbatiana katikati ya kitambaa. Ndoana ikichelewa au ikiwahi kidogo tu, hakuna mshono. Sasa, katika vyerehani kama Singer 15, mkutano huo wa sindano na ndoana haupangwi na mkanda unaoweza kuteleza, bali na fito za chuma zilizounganishwa na mhimili mmoja. Gundi huzizuia zisitembee, lakini haiwezi kubadilisha mpangilio wao. Ikishaondoka, zinaendelea pale pale zilipoachwa.

Kazi ya kufufua, basi, ni ya subira kuliko nguvu. Bibi alikuwa na Singer 15K. Herufi K humaanisha Kilbowie, kiwanda cha Clydebank karibu na Glasgow kilichofungwa mwaka 1980, ingawa stesheni ya treni ya hapo inaitwa Singer mpaka leo. Tulikianika juani ili gundi ilainike, tukaweka tone la mafuta ya taa katika kila kitundu cha mafuta na kila kiungo, mbali na jiko, tukasubiri hadi kesho yake. Siku ya pili gurudumu lilisogea upana wa kidole, likarudi, likasogea zaidi, na kwenye maungio ukatoka ute wa rangi ya kahawa ambao tuliufuta kwa kitambaa cha pamba. Chini ya bamba la sindano, kati ya meno yanayosukuma kitambaa, tulichokonoa kwa mswaki wa zamani donge la vumbi la nyuzi lililoshindiliwa likawa kama kipande cha kofia. Mafuta ya taa huyeyusha lakini hayalainishi kwa muda mrefu, kwa hiyo ni lazima yafuatwe na mafuta ya cherehani. Anayevunja haraka skrubu za Singer atajuta, kwa sababu nyingi zina mikato ya kuzungukia ya kipekee, na za aina hiyo hazipatikani katika duka la vifaa vya ujenzi. Nakshi za dhahabu nazo zisiguswe kwa spiriti. Zimefunikwa kwa sheleki, aina ya vanishi, na sheleki huyeyuka ndani ya spiriti, nakshi ikatoka pamoja na uchafu.

Halafu kuna sindano. Vyerehani vingi hutupwa kwa kosa hili moja: shina la sindano ya nyumbani lina ubavu bapa, na ubavu huo lazima uelekee upande ndoana inakopita. Ukiigeuza, kitanzi kinatokea upande usio na mtu wa kukipokea. Habari njema ni kwamba sindano zile zile zingali zinatengenezwa, na bobini za aina ya 15 zinapatikana kwa urahisi, kwa kuwa vyerehani vya Butterfly kutoka Shanghai, ambavyo mafundi wengi wa barazani wanavikanyaga, ni ndugu wa umbo hilo hilo.

Si kila cherehani kinapona. Chuma cha kusubu hakipindi, huvunjika kama chungu. Kilichoanguka kikapata ufa kwenye kiwiliwili hakina dawa ya kuaminika. Kutu iliyokula njia ya ndoana hukata uzi kila hatua, na waya za mota za zamani zenye mpira uliokauka zisichomekwe kwenye umeme kabla fundi hajazibadilisha.

Cherehani kikisharudi, jaribio lake ni kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili, uzi mwekundu juu na mweupe chini. Vidoa vyekundu vikijitokeza upande wa chini, uzi wa juu umelegea. Vyeupe vikichungulia juu, umekazwa mno. Sisi tulishona mistari kumi na moja kabla rangi hazijatulia kila moja upande wake. Kile kipande nilikikunja tena, nikatia pamba ya godoro ndani na kukizungushia pindo la kitenge, kikawa kishikio cha sufuria chenye mistari iliyopotoka. Yule mzee jirani alikigeuza geuza mkononi, akauliza kama naweza kumshonea mke wake viwili.