Nchi kame si nchi tupu: tunayoyakosea Nairobi kuhusu miti, mifugo na mchanga

Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Nairobi inakula nyama ya huko, inapikia makaa ya huko na inajengwa kwa mchanga wa huko. Hata hivyo mengi tunayosema kuhusu maeneo hayo si kweli, na makosa yetu yanawaumiza watu, kwa kuwa bajeti na sera zinaandikwa hapa jijini.

"Dawa ya ukame ni kupanda miti mingi."

Dhana hii ndiyo iliyotushika zaidi, hasa tangu Desemba 2022, serikali ilipozindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Nia ni njema. Lakini ni mti gani, unapandwa wapi, na nani atautunza? Mche ukitolewa kitaluni na kuachwa juani Garissa au Marsabit, bila mtu wa kuumwagilia na kuukinga na mbuzi, hauchukui muda kukauka. Na kuna mti unaopona ukawa balaa.

Waulize watu wa Baringo. Mathenge, mti wenye asili ya Amerika, ulipandwa huko miaka ya 1980 ili kuzuia mmomonyoko na kuwapa watu kuni. Ulistawi kupita kiasi. Ulifunga njia za mifugo na kumeza malisho ya kando ya ziwa. Mbuzi walipenda maganda yake matamu, lakini utamu ule uliganda kwenye meno, meno yakaoza na kung'oka. Wakazi walipoishtaki serikali, walifika mahakamani na mbuzi kibogoyo awe ushahidi. Leo mathenge umetapakaa pia Turkana na Tana River.

Mara nyingi mti unaofaa tayari upo, umejificha ardhini. Dodoma wanauita kisiki hai. Shamba linaonekana tupu, lakini ukiinama utaona machipukizi kwenye visiki vya miti iliyokatwa miaka mingi iliyopita. Mkulima huchagua machache yaliyonyooka, hupogoa mengine, huyawekea alama, kisha huyalinda yasiliwe. Mizizi imeshafika kwenye unyevu ambao mche mchanga hauwezi kuufikia. Kwa njia hiyo Niger imerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5 tangu miaka ya 1980. Shinyanga nako, ambako miti ilifyekwa kuangamiza mbung'o na kupisha pamba, Wasukuma walifufua ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Mradi ulioanza mwaka 1986 ulijengwa juu ya desturi hiyo, na ngitili zikaongezeka kutoka mamia ya hekta hadi mamia ya maelfu.

"Ardhi yenye nyasi tu imeharibika, inangoja msitu."

Sehemu kubwa ya kaboni ambayo nyika huinasa kutoka hewani imehifadhiwa chini, kwenye mizizi na udongo. Kupanda miti mahali ambapo pamekuwa nyika tangu zamani ni kuwanyima mifugo malisho na kuuvuruga mfumo uliokuwa unafanya kazi.

Kusini mwa jiji, Kajiado, kuna kazi ninayotamani kila mpanga sera aende kuiona. Ardhi iliyokanyagwa na kuchomwa na jua hufanya gamba gumu, mvua ikinyesha maji huteleza juu yake na kuondoka na udongo. Wanakijiji, wanawake wakiwa wengi, huchimba mashimo ya nusu mwezi kwa jembe na sururu. Udongo hurundikwa upande wa chini wa mteremko, na ncha mbili za nusu mwezi huelekea juu, maji yatokako. Maji yakija hunaswa, husimama, na ardhi huyanywa. Mbegu za nyasi huota humo kwanza, kisha nyasi husambaa nje. Kuna vikundi vya wanawake wanaotunza mashamba ya nyasi na kuuza mbegu na majani makavu. Kwa Wamaasai wazo la kufunga malisho si geni: olopololi, malisho ya karibu na boma yanayotengewa ndama na wanyama dhaifu, ni la tangu enzi za mababu.

"Wafugaji na kuhamahama kwao ndio wanaoleta jangwa."

Hii inaniudhi, kwa sababu inamgeuza mwathiriwa kuwa mshtakiwa. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ukame ule angalau mara 100. Kenya yote, pamoja na ng'ombe wake, inatoa chini ya asilimia 1 ya gesi joto duniani.

Kuhama ndiko kunakoipa nyasi nafasi ya kupumzika. Isiolo, Waborana wana dedha: eneo la malisho lenye baraza la wazee wanaoamua ni lini watu waingie malisho ya kiangazi na lini watoke. Ardhi huchoka pale mambo haya yanapovunjwa, njia za mifugo zikizibwa kwa nyua, au kisima kikichimbwa bila kuwauliza wazee hao, mifugo ikakaa mahali pamoja mwaka mzima.

"Mto uliokauka hauna maji."

Ukambani wanajua vingine. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto wa msimu, mara nyingi kwa nguvu za mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe zake, ambako jua haliyafikii. Wakati wa kiangazi mama hufukua kwa mikono, husubiri kidogo, kisha huchota kikombe kwa kikombe.

Mchanga huo huo ndio unaopakiwa kwenye malori kuja kujenga nyumba zetu. Ukizolewa, mto hupoteza ghala lake la maji. Makueni walitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, nasi tunaojenga hatuna budi kuuliza mchanga wetu umetoka wapi.

"Kaboni ni utajiri," au "kaboni ni wizi."

Nimesikia zote mbili kuhusu miradi ya kaboni, ambayo hutunza miti au malisho yanayonasa hewa ya ukaa, kisha huuza hesabu ya hewa iliyonaswa. Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 umeleta maji na kusaidia shule. Huko si nchi kame, lakini unaonyesha kwamba kijiji kinaweza kuushika mradi wenyewe. Isiolo mambo yalikwenda tofauti: Januari 2025 mahakama iliamua kwamba hifadhi mbili za wanyama, moja ikiwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023, mradi wa kaboni unaotumia ardhi unapaswa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 nayo inataka makubaliano na mwekezaji yaidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, mkutanoni. Ila ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na jamii nyingi za kaskazini bado hazijasajili. Kwao, safari ya kwanza ni ya kwenda kwa msajili wa ardhi ya jamii, kabla ya kuketi na mtu yeyote wa kaboni.