McKellen hakuanza na Gandalf

Juzi darasani nimeisikia tena. Kijana anamrekebisha mwenzake: "Punguza bwana, hiyo sauti ya jukwaani. Kamera haitaki makelele." Akatoa na mfano: mtazame yule mzee Gandalf, mchawi wa filamu za The Lord of the Rings, alivyotulia, yule ni mtu wa filamu.

Mtu wa filamu! Ian McKellen, mwigizaji Mwingereza aliyemcheza Gandalf huyo, alianza kulipwa kwa kuigiza jukwaani 1961, mjini Coventry. Gandalf alikuja 2001. Katikati hapo pana miaka 40. Chuo cha uigizaji hakupita. Alitoka Cambridge akaingia kwenye kumbi za mikoani, Coventry, Ipswich, Nottingham, akajifunzia kazini. Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani Marekani, aliipata 1981 huko Broadway, New York, akimcheza Salieri katika igizo la Amadeus. Na wanaodhani jukwaa na runinga ni ngazi tu za kupandia kwenye sinema, 2005 aliingia Coronation Street, tamthilia ya runinga, akiwa tayari Gandalf wa dunia nzima. Hayo siyarefushi.

Ninachotaka mkitazame ni Macbeth, igizo la Shakespeare, ile ya 1976, yeye na mwigizaji mwenzake Judi Dench, mwongozaji Trevor Nunn. Walichezea ukumbi wa The Other Place huko Stratford, Uingereza, jengo dogo la mabati, watazamaji wamekaa karibu kiasi cha kusikia mtu akivuta pumzi. Humo ungempigia nani kelele? Igizo liliporekodiwa na kuoneshwa kwenye runinga 1979, kamera ziliwasogelea mpaka usoni, na kunong'ona walikuwa wamekwisha kujifunza jukwaani.

Cha kujiuliza ni kwamba unasema na nani.

Richard III, igizo jingine la Shakespeare, aliicheza National Theatre, London, 1990, akaitoa filamu 1995, skripti akiwa ameshiriki kuiandika. Tazameni uzungumzi nafsi wa mwanzo, yale maneno mhusika anayoyasema peke yake. Anauanza kwenye maikrofoni katikati ya sherehe, ni hotuba, watu wamemgeukia. Maneno hayajaisha, tunamkuta msalani anakojoa, anaendelea peke yake. Anakwenda kwenye kioo. Macho yake yanatuona humo kiooni, anageuka, na kuanzia hapo anasema na wewe. Maneno ni ya Shakespeare yale yale, wasikilizaji ni watatu: umati, nafsi yake, wewe. Sauti inabadilika kwa sababu msikilizaji kabadilika. Kamera ilikuwepo tangu kwenye maikrofoni!

Mwanafunzi anayeambiwa "punguza" bila kuambiwa anasema na nani, hupunguza mpaka uhusika wenyewe unamtoka, anabaki kusoma mistari kwa upole. Nawaona kwenye tamthilia zetu, na inaniuma, maana wengine wana vipaji hasa.

Sikatai kwamba ukumbi mkubwa una madai yake. Aliyekaa safu ya mwisho amelipa kiingilio, na konsonanti lazima zimfikie. Hiyo ni kazi ya pumzi, fanyeni mazoezi kila asubuhi. Ila hili la kusema na nani nimelifundisha miaka mingi na bado nina shaka kama linafundishika. Yupo anayelipata siku ya kwanza. Yupo niliyehangaika naye muhula mzima, akatoka kama alivyoingia.

Na kama mnadhani mbele ya kamera mtu hahitaji wa kusema naye, yapo yaliyompata McKellen kwenye filamu ya The Hobbit, akiwa Gandalf tena. Gandalf anatakiwa aonekane mrefu kuliko vibete, kwa hiyo walimrekodi peke yake, pembeni kijani kitupu, yale mapazia ambayo baadaye hubandikwa picha nyingine kwa kompyuta. Wenzake walikuwa picha zilizotundikwa kwenye nguzo, na taa inawaka kwenye picha ya yule ambaye ni zamu yake kusema. Mzee wa watu, aliyezoea kutazamana na binadamu tangu 1961, akashindwa, akalia. Maikrofoni ilikuwa bado wazi, studio ikamsikia.