Kanuni mpya ya majengo tumepata, pesa ya kontrakta bado

Tangu Machi 2025 watu wa mjengo hapa Nairobi wanaongea tu ile kanuni mpya ya kitaifa ya majengo, na wako sawa, manake maghorofa yote ya Kilimani na Pipeline tulikuwa tunayajenga na kanuni ya 1968. Ile nyumba ya Huruma ilianguka Aprili 2016 na watu wengi wakafa, ikachukua miaka mingine hadi tukapata hii. Nimeifurahia sana kusema ukweli.

Lakini mimi ni wakili wa kesi za ujenzi na wanaokuja ofisini kwangu shida yao ni kulipwa. Sabkontrakta wa stima ama wa plambingi amemaliza kazi yake vizuri, kontrakta mkuu anamwambia ngoja developa alipe, developa naye anangoja benki ama wanunuzi walete depositi, na ukifungua mkataba unapata imeandikwa wazi kwamba wewe utalipwa tu yule wa juu akishalipwa, na huku vibarua wanataka yao Jumamosi na hadwea inapiga simu kila siku.

Uingereza kifungu kama hicho kilipigwa marufuku na sheria ya 1996, isipokuwa pale anayepaswa kumlipa huyo wa juu amefilisika. Sheria hiyo hiyo inakuruhusu kupeleka mzozo kwa mwamuzi mwenye siku 28 za kuamua, pesa inalipwa kwanza, anayetaka kubishana zaidi aendelee baadaye. Sisi hatuna. Mswada wa malipo ya haraka ulifika bungeni na ukaishia huko. Na hili ni jambo la usalama kabisa, kontrakta ambaye hajalipwa ndiye anapunguza simiti, ndiye anatoa mbao za slabu kabla konkriti haijashika ili azipeleke saiti nyingine.

Kwa sasa tuko na arbitresheni, yaani mzozo unaamuliwa na arbitreta mliyemkubali badala ya korti. Miradi mingi ya kibinafsi inatumia fomu ya JBC ya 1999, ule mkataba wa mfano wa Joint Building Council, na kifungu cha arbitresheni kiko ndani, shida hakisomwi. Mtu anakimbia korti ya Milimani kushtaki, mwenzake akiingia tu kwa kesi anaomba isimamishwe chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Arbitresheni ya 1995, na inasimama, miezi imeenda na pesa ya wakili pia. Hata ukishinda kwa arbitreta, aliyeshindwa ana miezi 3 ya kuomba Mahakama Kuu iutupe huo uamuzi. Afadhali Mahakama ya Juu ilisema 2019, kesi ya Nyutu Agrovet na Airtel, kwamba rufaa baada ya hapo ni ya kesi za kipekee tu, si ya kila mtu aliyekasirika.

Kwa hivyo cheti cha malipo cha arkitekti kikitoka weka nakala yako. Kazi ya ziada ukiambiwa kwa mdomo pale saiti, tuma imeili jioni hiyo hiyo useme nani amekuambia na ni kazi gani. Usajili wako wa NCA, ile Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, uwe hai na wa daraja la hiyo kazi, hicho ndicho kitu cha kwanza ningekitafuta kama ningekuwa upande wa pili. Na ritensheni jamani, ile sehemu ya malipo yako inayoshikiliwa hadi kasoro zirekebishwe, watu wanaiacha tu ikae huko, wakikumbuka miaka 6 ya kudai kwa mkataba imeisha.