Fankisheni mbili zina 5, mbona moja inaumiza kichwa?

Wiki iliyopita nimeshinda siku mbili kwenye fankisheni (kipande cha kodi chenye kazi yake) moja tu ya kutoa hela, nilihamishiwa kutoka kwa mtu mwingine, na siku ya kwanza yote ilienda kwenye kuisoma tu. Nikaipima kwa namba ya McCabe, kipimo cha ugumu wa kodi kinachohesabu matawi yake, ikaleta 5. Tano! Hiyo kwa tuliyozoea ni safi kabisa.

Namba ya McCabe ipo tangu 1976, unaanza na 1, kila if (sharti) au lupu (marudio) unaongeza 1, na mwenyewe alipendekeza ikivuka 10 uanze kuigawa hiyo fankisheni. Naiheshimu sana kwa upande wa testi, maana inakuonyesha testi ngapi zinatosha kupita kila tawi. Ila shida ya msomaji haiioni.

Sasa angalia ile fankisheni. If akaunti ipo hai, ndani yake if PIN ni sahihi, ndani yake if salio linatosha, ndani yake tena if hajavuka kikomo cha siku, ndo hela inatoka, halafu huko chini else nne zimepangana kila moja na ujumbe wake wa kosa na hujui ipi ni ya if ipi mpaka upande tena juu na kidole kwenye skrini. Kichwani umebeba masharti manne kwa mpigo.

Kipimo cha kampuni ya SonarSource kinachoitwa Cognitive Complexity, yaani ugumu wa kuielewa kodi ukiisoma, hapo ndo kinanikosha, kwa sababu if iliyo ndani ya nyingine inalipishwa zaidi: 1+2+3+4, jumlisha else nne za 1 kila moja, jumla 14.

Nilichofanya nimegeuza masharti tu. Akaunti haipo hai? Rudisha kosa, toka. PIN sio? Toka. Hivyo hivyo mpaka ya nne, na mstari wa mwisho ndo unatoa hela. McCabe bado 5, hiki kingine kimeshuka kutoka 14 hadi 4, na testi zote za zamani zimepita bila kuguswa.

Ila jamani msikatekate fankisheni vipande kumi ili namba ishuke, nimeshaona hiyo, kila kipande kina McCabe 2 alafu unaruka mafaili sita kutafuta salio linakatwa wapi. Mi nakata pale tu kipande kinapopata jina linaloeleweka bila kukifungua, kama amevukaKikomoChaSiku.